Mguu wa Nne wa Tangi la Vitongoji

Nilianza kazi Jumatatu asubuhi nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, na nikastaafu wiki tano baadaye nikiwa na umri ule ule. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, mnaodhani kazi ni jambo la watu wazima, ili mjue ufundi huu ulivyokuwa ukifanywa zama zetu, yaani likizo iliyopita.

Siku ya kwanza nilivaa buti za marehemu babu, nimezijaza magazeti, na kofia ngumu juu ya mtandio. Mama alisema nafanana na kobe. Kituo changu cha kazi kilikuwa Vitongoji, palipokuwa pakijengwa tangi la maji la chuma juu ya miguu minne ya chuma, mirefu kuliko minazi ya jirani. Hatua chache kutoka chini yake ipo madrasa ya mtaa. Tangi likisimama, watu watapata maji. Likianguka, litaangukia watoto walioketi mkekani wanasoma Juzuu Amma.

Mkubwa wangu alikuwa Mkaguzi wa Mishono, ambaye nyumbani ni ami yangu, mdogo wake baba. Ami Hamad alikaa Uarabuni miaka mingi akikagua mishono ya kuchomelea kwenye ujenzi wa mtambo wa umeme wa nyuklia. Aliporudi kwetu Wawi hakuja na gari wala friji. Alikuja na tabia ya kutoamini kitu. Mama akimwambia chai ina sukari, huonja kwanza, hufikiri, kisha husema "ndiyo" kama anayetia sahihi.

"Kule," aliniambia asubuhi ile, "mshono mmoja una karatasi nyingi kuliko ndoa. Nani kachoma, kachoma kwa rodi gani, rodi imekaushwa lini, nani kakagua. Sahihi moja ikikosekana, bomba lakatwa."

"Ami, huku ni maji, si nyuklia."

"Maji yana uzito, Raya. Lita moja, kilo moja. Hebu nenda kapige brashi."

Mshono, kwa msiojua, ni pale fundi alipoviyeyusha vyuma viwili kwa moto wa umeme vikawa kimoja. Juu yake hubaki gamba jeusi kama ukoko wa wali, na kazi ya mtumishi wa cheo changu ni kuuparura ukoko huo kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Wiki mbili nilikula vumbi. Kila fundi alikuwa na nambari yake, aliyoigonga kwa nyundo pembeni ya mshono wake, ili kesho asije akasema si yeye.

Nambari Sita alikuwa kaka yangu Faki, tumbo moja, ziwa moja. Faki ana mkono mzuri, lakini rodi zake mbili, vile vijiti vya kuchomelea, zilipata unyevu wakati wa mvua, na mishono miwili ikakutwa na matundu ndani. Ami aliikataa yote miwili bila kupepesa jicho. Sheria ya kampuni ilikuwa mishono mitatu ikikataliwa, fundi anaondoka. Na posa ya Faki ilikuwa imekubaliwa kwa sharti moja tu la baba wa binti: awe na kazi inayojulikana. Wazee wa upande ule walikuwa wanakuja Jumamosi kupanga siku.

Wiki ya tatu nilipandishwa cheo, kutoka brashi hadi dawa. Dawa nyekundu hupulizwa juu ya mshono, ikaachwa ijipenyeze kwenye kila ufa, hata ule usioonekana kwa macho. Ami hakuwa akipima muda kwa saa. Alikuwa akisoma Yasin kwa sauti ya chini, kisomo cha mwendo wa kati, na akimaliza, dawa imeiva. Kisha unafuta, unapuliza dawa nyeupe, kavu kama unga. Kama kuna ufa, ile nyekundu iliyojificha ndani hutoka yenyewe na kuchora mstari juu ya weupe.

Alinionyesha mara moja, kwa mkono wake, na mimi nikaitikia "naam" nyingi, kama tunavyomuitikia mwalimu wa hesabu.

Alhamisi ilibaki miguu miwili, wa tatu na wa nne. Injinia, mtu wa mjini mwenye simu mbili na subira nusu, alikuwa akizunguka chini. Kesho yake walikuwa wanakuja wageni wakubwa kuufungua mradi, na tangi lilitakiwa lijae.

"Mkaguzi, bado tu?"

"Bado."

"Hili si bomu, bwana."

"Ndiyo maana nataka lisiwe."

Ami aliumaliza mguu wa tatu mwenyewe. Wa nne, kazi ya Nambari Sita, tayari ulikuwa mwekundu na Yasin imeshasomwa, Injinia alipomwita juu akaangalie kifuniko. Ami akanipa kitambaa na kopo la kusafishia. "Futa, upulize nyeupe, kisha nsubiri. Usitie mbwembwe."

Sikutia mbwembwe. Nilitia bidii, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Sisi wasichana tumefundishwa tahara tangu tukiwa wadogo: damu ikiingia nguoni, osha mpaka iondoke rangi, harufu na ladha. Nikauangalia mshono wa kaka yangu umejaa wekundu, na mkono ukafanya ulichozoea. Nilipuliza dawa ya kusafishia moja kwa moja, nikasugua, nikapuliza tena, mara tatu, kopo likaisha. Hata nilinusa. Ulitoharika mshono ule hata ungeweza kuswalia juu yake. Nikapuliza nyeupe, ikakaa kama kanzu ya Idi.

Ami akashuka, akainama, akatazama sana. Hakuna mstari. Akatia sahihi.

Faki alikuwa amesimama mbali amekumbatia kinyago chake cha kuchomelea. Aliposikia "upo sawa" alikaa chini palepale juu ya mchanga. Injinia akapiga simu zote mbili, na baada ya Adhuhuri pampu ikawashwa.

Tukawa tunakusanya makopo. Nikapita mguu wa tatu, nikaona weupe wake una rangi ya waridi kwa mbali, kama shavu la mtu aliyeona haya. Nikaona pa kumfanyia ami mzaha.

"Ami, mbona wako mchafu? Wangu ulitakata."

"Ule uwaridi ndio shahidi," akasema, bado anafunga mkoba. "Waonyesha kwamba hukuiosha dawa iliyo ndani ya ufa. Ndiyo maana twafuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Ukiupulizia moja kwa moja waufanya mshono kipofu. Si nlikwambia."

Alikuwa kaniambia. Ilikuwa kwenye zile naam.

Juu yetu maji yalikuwa yakiingia, na chuma kilitoa sauti ndogo ndogo, kama mtu anayekunja vidole vikalia. Watoto wa madrasa ya Alasiri walikuwa wameanza kufika, wanavua viatu mlangoni. Nikamfuata Faki nyuma ya lori, nikamwambia nilivyofanya.

"Umemwambia nani?" akasema.

"Wewe."

"Basi ubakie kwangu. Jumamosi ni keshokutwa, Raya."

"Mshono mzima ule?"

"Kwani kachoma nani?"

"Nakuuliza, kaka. Mzima?"

Akatazama miguu yake. "Rodi ya mwisho niliianza manyunyu yakidondoka. Sikuacha, kwa sababu Injinia alikuwa amesimama juu ya kichwa changu. Sijui. Hwenda mzima."

Nimefanya utani mwingi maishani. Nimemwekea mwalimu wa zamu kaa ndani ya kasha la chaki. Wakati ule nilitafuta hata neno moja la kuchekesha, likakosekana. Kaka yangu alikuwa akiniangalia kama mtu anayesubiri dawa nyeupe ikauke.

"Nyamaza," akasema tena, polepole. "Nakuomba."

Nilikwenda kwa ami. Nadhani ni hatua ishirini, na buti za babu zilikuwa nzito zote ishirini. Nikamwambia kwa sentensi moja, kwa sababu mbili zisingetoka. Hakunigombeza. Alilitazama kopo tupu mkononi mwangu, akaenda kuizima pampu kwa mkono wake.

Injinia alikuja mbio. "Nani kazima?"

"Mimi. Sahihi yangu ya mguu wa nne naifuta. Mimi ndiye niliyetia bila kuuliza. Maji yatoke, na watoto wale wapelekwe msikitini."

"Kwa maneno ya mtoto wa skuli?"

"Mtoto wa skuli ndiye aliyekagua. Sasa kasema."

Maji yakafunguliwa. Kwa dakika chache kinamama wa jirani walishatokea na ndoo, madumu na masufuria, wanatuombea dua ya heri, na mmoja akamuuliza Injinia kama ndiyo itakuwa hivi kila Alhamisi. Injinia akainamia simu zake.

Mguu ukakauka. Ami akanipa kopo jipya mbele ya watu wote. "Wewe," akasema.

Nikapuliza nyekundu. Safari hii Yasin niliisoma mimi, kwa sauti, na mafundi wote wakasimama kimya kama matangani. Faki alikuja mbele, akachutama kando yangu. Nikafuta kwa kitambaa, kidogo, nikauacha uwaridi. Nikapuliza nyeupe.

Mwanzo palikuwa na weupe tu. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha, chini kabisa, karibu na bamba la msingi, ikatokea nukta. Nukta ikawa uzi. Uzi ukafika urefu wa kidole.

Kabla Injinia hajafungua kinywa, Faki alisema, "Huo wangu. Nambari Sita." Akaweka kinyago chini na kuondoka kwa miguu kuelekea Wawi.

Ufa ulikatwa kesho yake, ukachomwa upya na Nambari Mbili, ukakaguliwa na ami peke yake. Wageni wakubwa walikuja wiki iliyofuata, hawakuambiwa lolote. Wazee wa upande wa binti hawakuja Jumamosi ile, walituma salamu. Faki hakunisemesha siku kumi na moja. Mama alikuwa akitupakulia sahani mbili badala ya sinia moja, na ami alikuwa akila kwa kila mmoja wetu kidogo, ili asionekane kaegemea upande.

Skuli zilipofunguliwa nikastaafu. Hakukuwa na hafla. Nilirudisha kofia ngumu, nikabaki na buti.

Mtaniuliza, wadogo zangu, ufundi umenifundisha nini. Umenifundisha kusikiliza, jambo ambalo walimu wangu hawajaliona bado. Umenifundisha pia kwamba kusema kweli hakukufanyi ujisikie vizuri. Nililala vibaya wiki nzima, na nikimwona Faki amekaa barazani mchana bila kazi nilikuwa napita uani. Anayewaambia vinginevyo hajawahi kumfukuzisha kazi kaka yake.

Ijumaa iliyopita kampuni ilitangaza kwamba mafundi walioondolewa wanaweza kufanya mtihani mpya. Faki amekuwa akijizoeza kwa vipande vya chuma chakavu nyuma ya nyumba, rodi amezianika juu ya bati hadi zimekuwa moto kama kachori. Jana alikuja chumbani kwangu na kipande kimoja, akakitua juu ya daftari langu la Baiolojia.

"Ami yupo sebuleni," nikamwambia.

"Nimekuja kwako."

Nikakitazama chini ya dirisha, nikakigeuza. Pembeni palikuwa na kishimo kidogo, mtu mwingine angekiacha.

"Siupitishi," nikasema.

Akakichukua, akaenda kuchoma kingine.