Kwenda Bujumbura Kudai Jeraha Langu

Nilifunga safari kwa sababu ya kipande cha chuma. Kimo ndani ya nyonga yangu ya kushoto tangu nilipokuwa kijana wa msituni katika vita vya Burundi, na kwa miaka mingi kilikaa kimya nikawa nakisahau. Mwaka huu kimeanza kusogea. Daktari hapa Kigoma aliniwekea picha mbele ya taa, akaniambia kikifika kwenye mshipa mguu utalala na hautaamka tena, na kwamba yeye hana uwezo wa kukitoa. Bujumbura wanao uwezo huo. Iko hospitali inayowapasua askari wa zamani, mradi jeraha liwe limeandikwa kwenye faili la mtu.

Faili langu lipo, lakini linaanza siku amani ilipokuja, nilipoingia kambi ya kukusanyia wapiganaji, mbali na wenzangu wa kikosi. Siku ile tuliambiwa tuache majina ya msituni, kila mtu aseme jina alilopewa na wazazi wake. Nilisema langu, wakaandika, na karani akaongeza: mzima wa mwili. Hakuna aliyenivua suruali kutazama. Nililitumikia jeshi miaka michache, nikaomba kuondoka, nikaanza kuzurura: Kalemie, Mpulungu, Mpanda, mpaka nilipooa hapa. Wanaonijua wanajua sijawahi kutulia mahali. Mtu kama mimi ukimwambia mguu utalala, umemwambia kila kitu. Kwa hiyo nilikwenda kuomba wanirekebishie faili, waongeze ile miaka ya msituni, na waandike jeraha.

Asubuhi ya kuondoka mke wangu alinifungia kilo chache za sukari katika kanga. Alikuwa amesikia kwamba kule imeadimika. Aliniuliza kama wataniamini. Nikamwambia chuma hakisemi uongo.

Manyovu, mpakani, baridi ya milimani ilinikaza nyonga hata nikashuka garini kwa kushikilia mlango. Upande wa Burundi askari kijana alinitazama nikichechemea, akanisalimia kwa Kirundi, nami nikajibu kwa Kirundi ambacho kilitoka kizito kama cha mgeni. Hilo liliniuma kuliko nyonga. Kuanzia hapo barabara inashuka, inapita Mabanda, inafika Nyanza-Lac, na kutoka hapo ziwa linakaa mkono wa kushoto muda wote. Nilipita njia hii kwa miguu wakati wa vita, usiku, bila kuona maji. Sasa niliyaona, na michikichi, na wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa kwao, kwenye nyavu, na nikajikuta nina huzuni nisiyoweza kuipa sababu.

Rumonge tulikaa sana. Gari lilikuwa limeishiwa mafuta na dereva alikwenda kuyatafuta kwenye madumu nyuma ya nyumba za watu. Abiria hawakulalamika. Mmoja alilala chini ya gari, mwingine akanunua samaki, akamla mzima mpaka miiba. Tulifika Bujumbura jua likizama nyuma ya milima ya Kongo.

Mtaa wa Bwiza nilipata chumba kwa Mama Salma, mjane wa ukoo wa Waarabu wa zamani, ambaye babu yake aliuza nguo mtaa huohuo. Alifungua mlango, akatazama mzigo wangu kabla ya kunitazama mimi.

"Unatoka Kigoma? Karibu. Haukuleta sukari?"

Nikamkabidhi kanga. Akaishika kifuani kama mtoto.

"Wallahi, we utalala mu chumba ya mbele."

Siku ya pili nilikwenda Kigobe, kwenye ofisi inayotunza mafaili ya askari. Mabasi hayakuwepo kwa sababu ya ukosefu wa mafuta; mji mzima ulikuwa ukitembea, makarani na viatu vyao vya ngozi, wanafunzi, akina mama na ndoo. Nilitembea nao nikiwa wa mwisho. Ofisini alinipokea mama mmoja wa makamo mwenye cheo cha ajida jeshini, mtaratibu, asiyeinua sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. Akaniuliza jina langu la msituni.

"Garimoshi," nikasema.

Nilipewa jina hilo kwa sababu nilikulia Kigoma karibu na stesheni, na kila jioni nilikuwa nikiwasimulia wenzangu habari za treni. Ajida aliandika, hakucheka.

"Sawa, muzee. Leta mutu mwenye mulikuwa naye mu seksiyo moja. Akuje aseme mbele yangu. Bila ushahidi, mi siwezi kuongeza hata mustari."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Msituni, hata ndani ya kikosi kimoja, ilikuwa marufuku kumwambia mwenzako jina lako la kweli au kilima ulichozaliwa, ili atakayekamatwa asiwe na cha kusema kuhusu jamaa za mwenzake. Nilikula na watu wale sahani moja, nikalala nao blanketi moja, na sikujua hata mmoja wao anaitwa nani. Ningemtafutaje mtu ambaye jina lake lilikwisha siku vita ilipokwisha?

Jioni nilimweleza Mama Salma. Akafikiri huku akikoroga chai yake, tamu kupita kiasi.

"Batu ya vita balikuwa wengi hapa. Iko moja kule Nyakabiga anashona viti ya gari. Anapiga kelele, mutaa muzima unamusikia. Banamuita Tarumbeta."

Nikaweka kikombe chini. Tarumbeta ndiye aliyenibeba siku nilipoumia.

Nyakabiga, kesho yake, nilimpata kwenye foleni ya mafuta. Magari yalikuwa yamejipanga kando ya barabara hata usione mwisho wake, mengine yakiwa yamelala hapo siku kadhaa, na yeye alikuwa akienda gari hadi gari na uzi na sindano kubwa, akishona viti vilivyochanika wakati wenyewe wanangoja. Nilimsikia kabla ya kumwona.

"Bosi, hii kiti yako imekaliwa na tembo? Wacha niishone, petroli haikuji leo!"

Nikasimama nyuma yake nikasema maneno tuliyokuwa tukiitana nayo usiku. Aligeuka. Sindano ikamtoka mkononi.

"Weye ulikufa," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Weye, mushenzi, ulikufa! Tulikufanyia kilio!"

Akanishika uso, masikio, mabega, kisha akaanza kupiga kelele kwa foleni nzima kwamba maiti amefufuka na anachechemea. Wenye magari walipiga honi. Tulikaa kwenye ukingo wa mtaro tukala maharagwe na ndizi, na akaniambia yaliyotokea baada ya mimi kuvushwa mpaka wa nchi nikiwa sina fahamu. Habari zilirudi kwamba nimefia njiani. Basi wakafanya kama ilivyokuwa desturi yetu: jina la aliyekufa halikuachwa lilale chini. Aliyefuata kuja alipewa bunduki yake pamoja na jina lake.

"Kulikuja kijana mumoja kutoka Kayanza. Mi mwenyewe nilimuita Garimoshi."

Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi kwamba jina langu liliendelea kutembea bila mimi.

"Na yeye yuko wapi?"

"Alikufa. Ugonjwa. Vita ilikuwa imeisha zamani." Akafuta midomo. "Twende kwa hiyo ajida yako. Nitasema mupaka kuta zisikie."

Kigobe tulirudi siku iliyofuata, yeye akinishika mkono kwenye kila mwinuko. Mbele ya ajida alisimama wima kama mwanajeshi, akasimulia yote: mto tulioukatiza, bomu lililoanguka kati yangu na sufuria ya uji, nyonga iliyofunguka, jinsi alivyonibeba mgongoni nami nikimtukana kwa maumivu. Ajida aliandika kurasa. Niliitazama kalamu yake na nikaanza kuona kitanda cha hospitali. Kisha akainuka, akaenda chumba cha ndani, akarudi na faili ambalo halikuwa langu.

"Hapa iko orodha ya komanda wenu," akasema. "Garimoshi, chuma mu nyonga ya kushoto. Iliandikwa wakati wa vita. Nyuma yake, vita ikiisha, mutu alikuja mu kambi na jina Garimoshi, bakaandika jina yake ya kweli pembeni. Hili jeraha lilikwisha kupewa mutu."

"Huyo ni mwingine," nikasema. "Jina tulimwachia. Jeraha ni langu. Nivue uone."

"Ninakuamini, muzee. Nimekuona vile unatembea." Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliniogopesha. "Lakini jeraha ni moja, mutu ni moja. Nikikuandika weye, yule atakuwa alidanganya. Dosie yake, hii faili, itafungwa. Na ni kwa hiyo dosie mujane wake na batoto banatibiwa."

"Hakudanganya!" Tarumbeta akadakia. "Ni sisi tulimupa."

"Sheria haijui kupewa jina, kaka." Akasukuma karatasi juu ya meza. "We shahidi, ukiweka saini hapa, unasema Garimoshi alikuwa mumoja tu, ni huyu. Soma kwanza."

Tarumbeta alisoma, midomo ikitikisika. Alichukua kalamu. Nilijua alivyo, mtu huyu alinibeba chini ya risasi. Nikangoja.

Akaweka kalamu mezani.

"Siwezi."

"Tarumbeta," nikasema.

"Apana. Yule naye alikuwa Garimoshi. Alibeba bunduki yako, alipigana mu jina yako, na mi ndiye nilimuita. Sasa niandike hakukuwako? Mujane wake ninamushonea mashuka, batoto yake bananiita baba mukubwa."

"Yeye amekufa. Mimi mguu wangu unakufa nikiwa hai."

"Najua."

"Weka saini, ndugu yangu. Nakuomba."

Alilia, yule mtu wa kelele, bila sauti yoyote. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia hata afadhali angeniacha kule mtoni. Ajida aligeukia dirishani. Alipogeuka tena aliniambia ninaweza kumtafuta shahidi mwingine, mlango uko wazi. Lakini sote watatu tulijua karatasi ingekuwa ileile, na mjane yuleyule angeitwa aje aeleze mumewe alikuwa nani.

Jioni hiyo Tarumbeta alinifuata Bwiza. Nilikataa kutoka chumbani. Alikaa kwenye kizingiti upande wa pili wa mlango, na baada ya muda mrefu nikamuuliza, kupitia mbao, yule mtu alikuwaje.

"Mufupi. Muoga wa nyoka. Hakuwahi kuona treni. Batu balimuuliza kila siku, Garimoshi, tupigie hadisi ya treni, kama yule wa zamani. Naye alikuwa anabuni. Alisema lina miguu."

Sikucheka. Mama Salma alituletea chai, kila mmoja upande wake wa mlango.

Asubuhi ya kurudi nilipita tena kando ya ziwa, safari hii mkono wa kulia. Tarumbeta alinisindikiza mpaka stendi. Alikuwa ameshona mto mdogo wa ngozi wa kuwekea nyonga, na aliuweka kwenye kiti changu bila kuniuliza. Nilikaa juu yake mpaka Manyovu. Ulinisaidia, na nilimchukia kwa hilo pia.

Mtaniuliza nilijifunza nini. Nilikwenda nikidhani kwamba ukweli wangu ukiwa mzima, utakubaliwa. Nikakuta unakubaliwa na kila mtu. Ajida aliniamini, rafiki yangu aliniamini, hata orodha ya komanda ilisema vilevile nilivyosema, na haikunifaa kitu. Tulipeana majina msituni ili mtu asife kabisa, na hatukufikiri kwamba siku moja wawili watafika kwenye dirisha moja, mmoja akiwa tayari ameondoka na familia yake imebaki ndani. Sijui kama Tarumbeta alitenda haki. Ningekuwa na kalamu mimi, ningesaini. Nasema hivyo leo, nikiwa nimekaa, kwa sababu kusimama kumeanza kunishinda.

Nyumbani nilifika mchana. Mke wangu aliniuliza kama wameliandika jeraha.

"Limeandikwa zamani," nikamwambia. "La mtu mwingine."

Alinitazama nikipanda vipandio vya udongo vya mlangoni petu, mguu mmoja ukiuvuta mwingine. Kisha akatoka nje na jembe, akaanza kuvivunja, akisawazisha udongo polepole mpaka ukawa mteremko.