Radhi ya Mama Mkubwa

Mjini Nakuru, Bondeni nzima inamjua Kuluthum kwa viazi karai vyake na kwa ukali wake. Mteja akilalamikia pilipili, huambiwa akapike kwao. Mbele ya mama yake, Rumaisa, ndipo ukali humwisha. Mama alipolala kitandani mwaka huu na kusema anataka radhi ya dada yake kabla hajafa, Kuluthum alizima jiko akafunga safari.

Dada mwenyewe alikuwa Mikindani, kusini kabisa mwa Tanzania. Miaka zaidi ya hamsini iliyopita, Rumaisa alimfuata dereva wa lori hadi Nakuru, akamwachia dada mama yao mgonjwa. Dada akauguza peke yake, akazika peke yake. Alipopigiwa simu juzijuzi, alisema neno moja tu: "Radhi haiombwi kwa simu. Aje, au amtume mtoto wake." Akakata.

Kuluthum alikaa njiani siku tatu, na simu ikamzimikia siku ya pili. Akaukuta mji umelala kwenye mteremko mbele ya bahari. Nyumba za mawe za wenyeji zimebomoka paa, miti imeota sebuleni, na huko juu boma la Mjerumani linang'aa kwa chokaa mpya, watalii wanapigwa picha. Ilimuudhi, lakini hakuja kutazama majumba.

Mama mkubwa alikuwa barazani akichagua mchele.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mimi ni wa Rumaisa."

Kikongwe akamtazama usoni. "Umechukua pua yake."

Akampa chai, akampa na waya wa kuchajia simu. Kuluthum akapiga magoti, akaomba kama alivyotumwa. Mama mkubwa alilia, kisha akajifuta kwa kanga.

"Hasira hii imenichosha mwanangu. Nipigie, nimwambie mwenyewe."

Aliyepokea ni Salmin, kaka yake Kuluthum. "Simu yako ilikuwa mteja, haipatikani. Mama ametuacha alfajiri. Tumetoka kumzika saa hii."

Kuluthum aliishusha simu ili aeleze. Lakini mkono wa mama mkubwa ulikuwa umeshanyooshwa, naye akauwekea simu.

"Rumaisa, mdogo wangu. Nimekusamehe dunia na akhera. Unanisikia?"

Salmin hakukata simu, wala hakusema neno.

"Mbona kimya?" akauliza mama mkubwa.

"Anasikia," Kuluthum akasema. "Wewe endelea tu kumwambia."