Kwale wa Karuba na Macho ya Bauma

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, miaka michache baada ya uhuru. Mimi na rafiki yangu Bauma tulipanda vilima vya Karuba kuwinda kwale, kila mmoja na bunduki ya kurusha chembe za risasi. Yangu niliiazima kwa Baba, pamoja na mbwa wake wawili. Nilikuwa kijana wa kuoa tayari. Bauma alinizidi shabaha, na jambo hilo lilinikera.

Tulipatana yeye akae juu, kando ya shamba la maharage, mimi niwafuate mbwa bondeni. Mbwa wakasimama, pua kwenye majani. Kwale wakaruka chinichini kuelekea kule kule alikokuwa Bauma. Nilijua yuko pale. Lakini nilitaka kuwa wa kwanza, nikafyatua.

Nilimkuta ameketi, viganja usoni, damu ikipita kati ya vidole. Mbwa walikuwa wakimnusa magoti.

“Kaka, ni weye?”

“Ndiyo, njo miye.”

“Sioni kitu.”

Nikambeba mgongoni mpaka kwao. Baba akaniuliza mbele ya watu ilikuwa namna gani.

“Alitoka pahali pake, Papa. Alisimama mbele ya bunduki.”

Bauma alikuwa amelala mkekani, akasikia. Hakunikanusha. Watu wakasema amejitakia. Mchumba wake akaolewa na mtu wa kijiji cha Kalembe, naye Bauma, macho yamepofuka, akabaki uani kwa mama yake, akichambua maharage kwa vidole.

Miaka ikapita, mama yake akaugua. Bauma akaniita.

“Unajua sikutoka pahali pangu.”

“Ninajua.”

“Basi ambia mama. Atakufa akizani mutoto wake alikuwa mupumbavu.”

Nikaahidi kesho. Kesho yake nikasema ng'ombe wanangoja kukamuliwa. Kesho kutwa, mvua. Siku ya tatu mama alikuwa amefariki. Nikasimama kaburini, nikakiri mbele ya wote. Bauma akanigeuzia uso wake.

“Sasa unaambia nani?”

Mwanangu, usifyatue bunduki kama hujui kilicho nyuma ya ndege. Na ukimwumiza mtu, sema siku ile ile, kwa yule anayepaswa kusikia, maana naye hakai milele akikungoja. Mungu akutulize mkono, akufungue kinywa mapema, akulinde usizeeke na neno kama langu kifuani. Enda na amani.