Gari Lililokwenda Ukweni Kinyumenyume

Fundi huyu wa magari walimwita Kimbaumbau kwa urefu na wembamba wake, na gari alilokuwa nalo lilikuwa dogo kuliko yote mtaani. Akiingia, magoti yanakaribia kidevu. Lakini alilipenda, na hakuna aliyethubutu kulisema vibaya mbele yake isipokuwa mkewe.

Mke huyo alikuwa amejifungua mapacha. Watoto wazima, yeye mzima, majirani wanashinda nyumbani, ila kila jioni hugeukia ukutani akalia. Alimtaka mama yake. Mama naye alikaa juu ya kilima chenye njia ya mawe matupu, nyonga yake haijapona sawasawa tangu aanguke, na alishasema wazi kwamba pikipiki hapandi na kubebwa kama gunia hataki.

"Nitamleta," Kimbaumbau akasema.

"Kwa hilo gari lako linalokwama kwenye tuta?"

"Nitalinyanyua."

Akaingia gereji na ari ya bwana harusi. Akakata vyuma vinene, akavipachika juu ya springi, mbele na nyuma, gari likawa refu kama mwenyewe. Akalizungusha uani kwa maringo. Kila akikata kona, huku mbele kunalia ka-ka-ka-ka.

Mkewe akachungulia dirishani, pacha mmoja begani. "Hilo gari au mashine ya kukoboa mahindi?"

Tamaa ilikuwa imemponza. Gari lile huvutwa na magurudumu ya mbele, na kwa kulinyanyua mno, shafti zinazoyazungusha zilikuwa zimekaa mshazari kupita kiasi. Angeenda hivyo, zingekatikia njiani. Akacheka peke yake, akavua vile vyuma, akaweka vyembamba zaidi, matairi makubwa kidogo, na bamba la kukinga tumbo la injini. Safari hii gari likazunguka kimya.

Asubuhi akaondoka akipiga mluzi. Mawe yaliyozoea kumtoa jasho yalipita chini ya gari bila kugusa kitu, naye akaanza kulisifu kwa sauti. Sifa hazijaisha, mwinuko wa mwisho, ule wa kuingilia kwa mkwe, ukamgomea. Changarawe tele, gari likiinua pua, uzito wote unarudi nyuma, magurudumu ya mbele yanatimua vumbi tu.

Dawa aliijua, na ndiyo iliyomtia aibu: ageuze gari, atie rivasi, uzito uyalalie magurudumu yanayovuta. Lakini nani huenda ukweni akitanguliza makalio? Akamfikiria mkewe anavyolia. Akageuza.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, mkoba miguuni, fimbo mkononi, akilitazama gari likimjia kinyumenyume mpaka kizingitini.

"Shikamoo, mama." Kimbaumbau alishuka ameinamisha macho. "Nisamehe nimekuja kwa mgongo. Mlima umekataa uso."

"Marahaba, mkwe wangu." Mama akacheka mpaka akajishika nyonga. "Hata ungekuja unabingirika ningekupokea. Hebu fungua mlango."

Hapo fundi akaona jambo ambalo hakulipigia hesabu. Kiti cha gari lililonyanyuliwa kilikuwa kimelingana na nyonga ya mama. Hakuhitaji kujikunja wala kushikwa; alirudi kinyumenyume kidogo, akaketi, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili, akatengeneza mtandio.

"Kumbe ulinipima?"

"Ndiyo, mama," Kimbaumbau akajibu bila haya.

Nyumbani walipokewa kwa vigelegele. Kimbaumbau hakungoja, akamketisha mama mkwe kando ya kitanda alicholala mkewe, akampakatisha pacha mmoja huku na mwingine huku. Bibi akawatazama kwa zamu, akawabusu vipaji vya nyuso, kisha akamrudishia wote wawili.

"Washike kwanza, baba yao," akasema. "Hawa nitawalea. Mimi nimemfuata mwanangu."

Akajisogeza kitandani, hata viatu hakuvua, akamvuta bintiye kifuani. Kimbaumbau akabaki wima na mapacha wake, machozi yanamchirizika, asiwe na mkono wa kuyafutia.