Chokaa kwenye Mwamba wa Kisimani

Nina diploma ya misitu. Ada nililipa kwa kubeba magunia ya korosho Mingoyo, wala sikusaidiwa na mtu. Ndiyo maana niliporudi kijijini kwetu, jirani na Kiswere, ni mimi niliyeliona lile kangaga, mmea usiotoa maua, si wale waliolipita miaka yote wakienda kuteka maji.

Liliota ndani ya ufa wa mwamba wa matumbawe, juu ya kisima. Majani yake yalikuwa membamba kama manyoya ya kifaranga, na chini yake vidoadoa vya kahawia vimejipanga mistari. Makangaga nayajua, hili nilikuwa nimeliona kitabuni tu. Nilimtumia picha mtaalamu wa mimea aliyeko Dar es Salaam. Akajibu kwamba anakuja mwenyewe, nisiliguse, kwani pengine katika pwani yetu yote halina mwenzake.

Kijijini sikumweleza mtu. Wangeelewa nini? Shangazi yangu, ninayekaa kwake, nilimwambia tu kwamba Alhamisi anakuja mgeni mkubwa kuutazama mwamba wa kisimani.

Alhamisi nilimpeleka mgeni. Mwamba ulikuwa mweupe pe. Kwetu mgeni mkubwa akija, mawe ya njiani hupakwa chokaa. Shangazi alikuwa amewakusanya wenzake alfajiri, wakafyeka, wakakwangua nyufa kwa visu, kisha wakapaka. Hata ndoo hawajaziosha.

"Shangazi, mmefanya nini?"

"Tumekusitiri, baba. Ungemleta mgeni wa watu kwenye magugu?"

Nilimweleza kwa hasira kuhusu kangaga, na uhaba wake, na miaka niliyosoma. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hilo jani," akauliza, "ulimwambia nani?"

Mgeni alikuwa amelala kifudifudi juu ya chokaa mbichi, akimulika ufa kwa tochi. Ndani kabisa, kisu kisikofika, lilibaki jani moja fupi kuliko kidole, na tone jeupe nchani. Alilifuta taratibu kwa leso, akauliza ni nani atakayelilinda.

Nikajiweka sawa, nikaanza na diploma yangu. Lakini shangazi alikwisha kukaa kando ya ufa, anauliza kama jua linalidhuru, na kama wanaoteka maji wapite upande gani. Mgeni akawa anamjibu yeye, swali kwa swali.

Mimi nikapewa tochi nishike.