Mwanangu Alijizuia Kulia ili Sindano Isiruke

Mhariri, na ninyi wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Nimeomba jina langu lifichwe, na la mtoto nimelibadili, maana mume wangu naye husoma gazeti hili. Nina miaka ishirini na miwili. Nilisoma hadi darasa la nne shule ya misheni, kwa hiyo mnivumilie. Tunakaa Dodoma, nyumba za wafanyakazi wa reli, mimi, mume wangu na mtoto wetu mmoja, Yona, wa mwaka mmoja na nusu. Bado ananyonya.

Mume wangu halewi, wala hajanipiga hata siku moja. Nasema mapema ili msije mkanijibu kwa haraka. Kinachonitesa ni gramafoni.

La kwanza lilikuwa la kuzungushwa kwa mkono, na sindano zake nene za chuma. Nililipenda. Nilikuwa nachambua mlenda huku nacheza, mtoto mgongoni, baba yake anacheka. Lakini akaanza kulalamika kwamba ule mkono unaoshika sindano ni mzito, unazila santuri. Kwa miezi mitatu kila akitoka zamu alipitia dukani kwa Mhindi mmoja, wanapiga santuri ile ile kwenye mashine mbili, wameinamisha vichwa kama watu wanaosikiliza mgonjwa anavyopumua. Mwisho akaleta jipya, la betri, mkono wake mwepesi kama unyoya.

Kumbe mkono mwepesi unaruka. Sakafu yetu ni ya udongo, mtu akipita tu meza inatikisika. Nikitwanga uani, sindano inaruka. Alibandika senti yenye tundu juu ya kichwa cha ule mkono ili autulize, ukaanza kukwaruza santuri, akaibandua. Akaagiza mkono mwingine kutoka Dar es Salaam, mrefu, wenye kizito cha kuusawazisha nyuma. Tukiusubiri, akaweka sheria: santuri ikilia, hakuna kutembea wala kutwanga.

Gari moshi likipita sindano inaruka vile vile. Nikamwuliza, "Baba Yona, mbona gari moshi hulikemei?"

Akasema, "Gari moshi halina masikio. Ninyi mnayo."

Majirani walicheka, na mimi nikacheka. Wanawake wenzangu wakanitania kisimani, "Umeletewa mke mwenza, tena hapiki wala hafui!"

Halafu Yona akaanza kutembea. Baba yake akamfunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda. Nilipouliza, akasema kwa upole, "Si kumfunga, mama Yona. Ni kumtuliza." Nikamfungua. Kesho yake akamfunga tena. Tuliendelea hivyo, yeye anafunga, mimi nafungua, hakuna aliyepaza sauti.

Jumapili moja alasiri wageni walijaa ndani kusikiliza. Yona alikuwa amefunguka, akajikwaa, akaanguka kifudifudi. Nilimwona akiinua uso, mdomo umechanika, damu inatiririka. Alifungua kinywa alie. Kisha akamtazama baba yake, akatazama meza, akakifumba. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, jamani! Alimeza kilio chake na damu yake.

Niliinuka, nikapita katikati ya wageni kwa miguu mizito makusudi, nikauinua ule mkono juu ya santuri. Nikamwambia mwanangu, "Lia, baba. Lia." Akalia mpaka akatapika.

Mume wangu aliwasindikiza wageni hadi mlangoni. Walipoondoka akaniambia, "Umenivua nguo. Sasa chagua. Mtoto aende Bahi kwa mama yangu mpaka apate akili, au wewe urudi kwenu."

Nikapanda gari moshi na Yona hadi Gulwe kwa baba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, ukiachika, ng'ombe za mahari yako watazidai. Hazipo. Kaka yako ndizo alizoolea. Unataka nikamwondoe wifi yako na mimba yake, nirudishe ng'ombe?"

Wifi alikuwa jikoni ananisongea ugali. Alisikia yote. Aliniwekea chakula bila kuniangalia. Nikarudi Dodoma kesho yake.

Mume wangu alinipokea stesheni, akanibebea mzigo, akambusu mtoto. Njia nzima alikuwa na furaha. "Mkono umefika," akasema. "Huu sasa, utasikia sauti ilivyo!" Tulipofika nyumbani, akaniambia mama yake anakuja Jumamosi kumchukua Yona. Mchungaji nilipomweleza alisema nimshukuru Mungu, wenzangu wana wanaume wa pombe.

Wasomaji wenzangu, Yona sasa ananyata kwa ncha za vidole hata tukiwa uani peke yetu. Mama mkwe simchukii, ni mama mwema, nami kila nikimwona nampigia magoti. Jumamosi nitampigia magoti. Mtoto simpi. Hilo nimeshaamua, msinishauri. Nitakaposema hapana, mume wangu atanifukuza, na nikifukuzwa, wifi yangu naye atatolewa nyumbani kwake. Ni yupi kati yenu aliyewahi kukaa mahali kama hapa? Niambieni mlianzaje, maana leo ni Jumatatu.