Sabuni Inayoonyesha Kidole

Saa moja asubuhi, Mama Kioo anadondosha mafuta ya nyonyo kwenye glasi yenye spiriti. Anakoroga, anaiinua glasi kuelekea dirishani, anatazama. Haina hata ukungu. Ndipo anapowasha jiko.

"Mafuta mengi hugoma kuchanganyika na spiriti," anasema. "Ya nyonyo hukubali. Ukiona ukungu, ujue kuna mgeni ndani."

Jina lake limetokana na sabuni anayopika. Weka kidole nyuma ya kipande, utakiona. Wekundu wa sabuni hiyo hautoki dukani. Ni mbegu za mti wa mrangi ulio uani, anazoziloweka kwenye mafuta ya moto hadi yakolee.

Mwaka jana, glasi ilijaa ukungu. Mafuta yalitoka kwa wifi yake, dada wa mumewe, anayemkamulia kwa mashine yake tangu siku za sufuria moja. Mama Kioo hakumung'unya maneno.

"Nilimwambia, wifi, umenichanganyia. Akabeba dumu lake akaenda zake. Hata kwetu akaacha kuja. Mume wangu masikini, huku mke, kule dada."

Mafuta ya kwingine yalikuwa mabaya zaidi. Miezi miwili sufuria ilikaa kavu.

Ukweli uliletwa na tumbo. Kwenye foleni ya maji, jirani wa wifi alisimulia jinsi nyumba yake nzima ilivyopishana chooni baada ya kula vya kukaanga. Alizeti zake zilikamuliwa kwa wifi, siku zile zile.

Foleni ilicheka. Mama Kioo hakucheka. Nyonyo huharisha, nani asiyejua? Mashine ilikuwa moja: nyonyo iliingia kwenye alizeti za jirani, na alizeti zikaingia kwenye nyonyo yake.

"Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mwenzangu hakuniibia. Hakusafisha mashine, basi."

Alikwenda siku hiyo hiyo kupiga hodi. Wifi alimwacha mlangoni kitambo.

"Nikamwambia, nimekukosea. Akajibu, umechelewa, lakini ingia."

Sasa wanadunduliza pamoja wanunue mashine ya pili, ya nyonyo peke yake. Jirani ameahidi kuchangia, kwa usalama wa tumbo lake. Wakiipata, Mama Kioo anataka sufuria tatu zichemke kwa mpigo.

Mlango unagongwa. Ni wifi, na dumu jipya.

"Pima kwanza," anasema kabla ya salamu, "nisije nikaitwa mwizi."

Mama Kioo anampokea dumu na kumvutia kigoda.

"Kupima nitapima, wifi. Kaa kwanza tunywe chai."